Mpwa Mfupi na Vidato Sita

Nilikwenda Sigor kutafuta mbwa kwa sababu mama mkwe wangu alikuwa amefunga mfuko. Mfuko wenyewe ni wa bluu, wa zipu, na ulikaa nyuma ya mlango wa chumba chake tangu Jumatatu. Alimwambia mke wangu, Chelangat, kwamba Jumapili, sisi tukishatoka kanisani, angerudi kwake Fort Ternan, kwenye ile nyumba alimoanguka miaka miwili iliyopita, akavunjika nyonga na kulala sakafuni mpaka jirani alipomkuta. Alikuja kwetu Litein na mbwa wake mzee. Mwezi uliopita mbwa huyo alikufa.

"Mama anasema hapa hana mtu wa kuongea naye," Chelangat aliniambia. "Akirudi kule ataanguka tena, na sasa sijui nani atamwokota."

Mimi siongei naye. Ni heshima. Mimi ni mtu wa kutoka ziwani, nimeoa kwa Wakipsigis, na kwa pande zote mbili mkwe na mama mkwe hawazoeani. Maneno yake kwangu hupitia kwa binti yake, na yangu humrudia kwa njia hiyo hiyo. Nakiri kwamba heshima hii imenifaa sana. Kwa miaka miwili haijanilazimu kumwuliza swali hata moja.

Basi nikaamua tumtafutie mbwa mwingine, na nikaamua awe dakshundi, yule mbwa mrefu wa mwili na mfupi wa miguu anayeitwa pia mbwa soseji. Sababu niliyomwambia mke wangu ni kwamba mbwa mdogo hawezi kumwangusha mama. Sababu ya kweli ni kwamba naibu wa mwalimu mkuu shuleni kwetu anaye mmoja, humleta akiwa ameketi kiti cha mbele cha gari, na walimu wote hutoka ofisini kumtazama. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika orodha ya sifa nane. Awe dume. Awe shupavu. Awe na rangi ya kahawia inayong'aa. Apendeze pichani. Nyingine nne siziandiki hapa kwa aibu.

Chelangat aliisoma mara mbili. "Hii ni mbwa ya nani?"

"Ya mama."

"Na mama iko namba ngapi hapa?"

Ijumaa jioni nilimpigia simu Mama Cherotich wa Sigor, muuguzi mstaafu ambaye, nilivyoambiwa, hufuga mbwa wa aina hiyo. "Kuja tu, mwalimu," alisema. "Mpwa ziko tano, utachagua."

Hapo sikuweza kujizuia. Nafundisha Kiswahili, na huku kwetu herufi b na p ni marafiki wa kubadilishana mashati. Nimesahihisha insha ngapi ambamo mwanafunzi amefukuzwa na mpwa wa jirani, na mpwa huyo akamng'ata mguu. Nikamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba anayebweka ni mbwa, na mpwa ni mtoto wa dada yako.

"Ndiyo, mwalimu," alijibu. "Sasa kuja uone hao mpwa."

Jumamosi, saa moja asubuhi, niliondoka Litein na gari langu kuukuu. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani ya chai na wachumaji walikuwa wameshaingia mashambani na vikapu mgongoni. Nilijiona mtu wa maana. Mtu anayekwenda kuchagua mbwa kwa orodha si sawa na mtu anayeokota mbwa.

Saa mbili nilikuwa Kapkatet. Kijana mmoja aliyekuwa na tangazo mtandaoni alinisubiri kando ya barabara na boksi la mkate. Ndani mlikuwa na mtoto wa mbwa mwenye miguu mirefu kama ya mbuzi.

"Hii ni dakshundi original," alisema.

"Mbona miguu ni mirefu?"

"Hiyo itabaki hapo. Mwili ndio itarefuka. Ukirudi baada ya miezi tatu utaona miguu imekuwa fupi yenyewe."

Nilimwuliza mama wa mbwa yuko wapi. Alisema amesafiri. Nilimtakia heri, nikaendelea na safari. Nilijisifu kwa kutodanganyika, ingawa ukweli ni kwamba kilichouokoa mfuko wangu ni rangi ya yule mbwa, ambayo haikuwa kahawia inayong'aa.

Baada ya Kaplong majani ya chai yalianza kupungua, na nilipoiacha lami pale Kyogong yalikuwa yamekwisha kabisa. Huko Chepalungu nchi hufunguka, mahindi yanasimama makavu, migunga inaanza, na vumbi linaingia hata madirisha yakiwa yamefungwa. Nilifika Sigor saa nne nikiwa mwekundu kama tofali.

Mama Cherotich ni mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya wodini. Aliniketisha jikoni, akanipa chai ya maziwa, na kabla sijatoa orodha yangu akaanza kuniuliza maswali. Mtu angedhani nimekuja kwa koito, siku ile wazee wa kwao wanapokaa kumhoji mwenye kuposa binti. Nyumba yenu iko wapi? Ua upo? Kuku mnazo?

"Sita," nilisema.

"Basi hesabu tano mpaka azoee. Hii mpwa ni ya kuwinda, usidanganywe na miguu. Itachimba shamba pia. Sasa uko na mtoto nyumbani?"

Nikamweleza habari za mama mkwe na mfuko wa bluu. Akaweka kikombe chini, akafungua mlango wa stoo.

Walitoka watano, na nyuma yao mama yao, ambaye hakuwa amesafiri. Mmoja, dume la kahawia inayong'aa, alinirukia, akauma kamba ya kiatu changu na kuivuta akinguruma. Nilimpenda papo hapo. Sifa zangu zote nane zilikuwa pale zikining'inia kiatuni.

"Huyu," nilisema.

"Huyo atamwangusha mama kabla ya chakula cha mchana. Huyo ni wa nyumba ya watoto wengi. Na huyu kwa kona," alisema akionyesha mmoja aliyejificha nyuma ya debe, "ataogopa kila ngurumo, na huko kwenu mvua ni kila siku. Keti chini, mwalimu. Nyamaza."

Niliketi sakafuni. Ni muda mrefu tangu mtu aniambie ninyamaze. Baada ya dakika chache jike jeusi lenye nyusi za kahawia lilikuja polepole, likaninusa mkono, likaketi. Mama Cherotich aliniambia nimwinue, mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, ili mgongo usining'inie. Mbwa alijinyonganyonga kidogo, kisha akatulia.

"Huyu ndiye ya mama," alisema. "Nyumba iko na ngazi?"

"Vidato sita. Ardhi yetu ina mteremko, nyumba iko juu."

"Hapana. Hii mgongo ni refu. Akiruka ngazi kila siku, ataharibika, atalala bila kutembea. Na huyo mama na nyonga yake, akishuka anashikwa na nani?"

"Hashuki."

"Tangu lini?"

"Tangu aje."

Alinitazama kama anavyotazama muuguzi mtu aliyeleta mgonjwa akiwa amechelewa. "Miaka mbili, hashuki?"

"Ni mtu wa kupenda kukaa ndani," nilisema. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Sikuwahi kumwuliza anapenda nini.

Hakusema zaidi juu ya mama. Alisema juu ya mbwa tu: kwamba hanipi mpaka niahidi kutengeneza njia ya mbao ya kuteremkia, yenye mwinamo wa pole na vipande vya kushikia kucha, na nimtumie picha. Niliahidi haraka. Kwa ajili ya mgongo wa mbwa niliahidi kila kitu.

Saa nane mchana, nikirudi, nilisimama Kaplong nikanunua mbao na misumari. Mbwa alilala kwenye kiti cha mbele, na naibu wa mwalimu mkuu hakuwepo kumwona. Saa kumi nilikuwa nyumbani, na mimi na fundi wa jirani tulipiga misumari mpaka giza likaanza kuingia. Fundi aliniuliza kama tuweke na reli ya kushikilia. Nilimwambia mbwa hana mikono. Aliiweka hata hivyo.

Jumapili asubuhi nilimtoa mbwa nje kumfundisha njia yake mpya. Alinusa mbao, akashuka polepole, akakojoa kwenye majani ya chai. Nilikuwa natafuta simu ili nipige picha niliposikia fimbo ikigonga mbao nyuma yangu.

Mama mkwe wangu alikuwa anashuka. Mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine kwenye reli, miguuni akiwa na malapa ya chumbani. Nilirudi nyuma kumpisha, kama heshima inavyotaka. Alifika chini, akavuta pumzi, akatazama chai yetu mstari kwa mstari. Kisha akamwinamia mbwa na kusema naye, si kwa Kikipsigis bali kwa Kiswahili, ili nisikose neno.

"Mpwa," alimwambia, "mimi nimekaa hapa miaka mbili naangalia chai kwa dirisha. Wewe umekuja jana, umejengewa barabara. Mwambie mwenye nyumba asante."

Niliona aibu ambayo sijaiona tangu nianze kufundisha. Na neno lile sikulisahihisha. Mtoto wa dada akija kwetu hupokewa vizuri kuliko sisi tulivyompokea huyu mama, na mbwa alikuwa amepokewa kama mpwa. Kwa hiyo jina lake ni Mpwa, na limeandikwa hivyo kwenye kadi yake ya chanjo.

Wanaotaka kujua jinsi ya kuchagua dakshundi wamwulize Mama Cherotich. Mimi nilichojifunza ni kidogo: kwamba kabla ya kuuliza mbwa gani anaifaa nyumba yako, ni vizuri kuuliza kama nyumba yako inamfaa yeyote aliyemo. Ningeweza kujifunza hayo bila kwenda Sigor. Ilikuwa ni vidato sita tu.

Fort Ternan hakwenda Jumapili ile. Jioni nilimwuliza Chelangat kama mama amefungua mfuko.

"Amefungua," alisema. "Ametoa viatu za nje. Nguo bado ziko ndani."