Simu Iliyoniamkia

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, mponyaji wa miili na nyoyo, aliyenirudishia usingizi, hamu ya chakula na jirani yangu. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Vijana wa msikiti wetu hapa Lukozi wameniomba niandike yaliyonipata. Naandika kwa moyo mkunjufu, kwa sababu nimepona.

Kabla ya maradhi nilikuwa mtu wa mambo machache. Asubuhi nilisomesha watoto Kurani, na baada ya adhuhuri nililima karoti na kabichi kwenye matuta yangu ya mteremkoni. Maji tunayapata kwa mfereji mmoja, kwa zamu. Siku ya zamu yako unashinda na jembe mkononi: unafungulia maji mstari mmoja, ukishiba unauziba, unafungulia mwingine. Huwezi kuondoka. Maji yakiachwa yanakata tuta, na udongo wote unateremka kwa mwenye shamba la chini. Chini yangu analima Rajabu, kijana niliyemfundisha alifu mimi mwenyewe, ambaye hakuwahi kunipita njiani bila kuniamkia.

Binti yangu Zubeda, anayeishi Tanga, aliniletea simu ya kupangusa ili niwaone wajukuu. Siku moja nikitafuta bei ya karoti, likatokea tangazo la mpira. Lilisema nibashiri bure, nimepewa zawadi. Kamari ni haramu, najua, nimeifundisha hivyo tangu ujana wangu. Lakini nikajiambia kwamba sijatoa changu, na zawadi haikataliwi. Nikajaza jina na mwaka wa kuzaliwa.

Kesho yake simu ikalia. Maandishi yalisema: "Shikamoo Mzee Athumani. Zawadi yako inakusubiri."

Msomaji, cheka kidogo tu. Huku kwetu shikamoo haiachwi bila jibu. Niliitikia "Marahaba" kwa sauti, peke yangu katikati ya karoti, kisha nikabonyeza. Sikujua kwamba wenye mtambo ule wameuona umri wangu, na kwa umri huo wamejua mlango wa kuniingilia.

Ubashiri ule wa zawadi ulishinda, lakini fedha haikutoka. Kila nilipotaka kuitoa niliambiwa nicheze kwanza kwa fedha yangu. Nikaweka kidogo, na hapo ugonjwa ukaingia damuni. Nikikosa, simu haikusema nimekosa. Ilisema nimebakiza kidogo sana. Nikipata pungufu ya nilichoweka, ilipiga vigelegele na kumwaga maua kwenye kioo kama harusini. Nikikaa kimya siku mbili, ilikuja: "Shikamoo mzee wetu, umetutupa?" Nami nikaitikia.

Mwili ukaanza kulalamika. Macho yaliwasha, mdomo ulikauka, ugali ulinikwama kooni. Hata kwenye sala vidole vilitaka kupapasa mfuko wa kanzu. Mama Zubeda, mke wangu, alinipunguzia kiuno cha suruali, kisha akakipunguza tena. Alisema kwa Kishambaa kwamba anaona ninaisha kama kipande cha sabuni.

Ikafika siku ya zamu yangu ya maji. Nilikuwa nimefungulia mstari wa katikati simu iliponiamkia na kusema ofa inaisha, na chini yake saa ndogo ikihesabu kurudi nyuma. Bondeni kwetu mtandao ni wa kubahatisha. Nikatupa jembe, nikapanda kilimani kutafuta mtandao.

Niliposhuka, tuta lilikuwa limekatika. Tope lilikuwa limefunika kitalu cha kabichi cha Rajabu, miche iliyokuwa ndiyo kwanza inachomoza. Rajabu alisimama juu ya tope akinitazama. Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mwalimu, maji ulimwachia nani?"

Tangu siku ile alinipita njiani ameinamisha kichwa, bila shikamoo. Wazee wa mfereji wakanisimamisha zamu, wakasema nitarudishiwa siku ambayo mwenye shamba la chini atakubali. Karoti zangu zikaanza kunyauka. Moyo ukanienda mbio hata nikiwa nimekaa, na mke wangu akanipeleka hospitali Lushoto.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole. Alinifunga kile kitambaa cha kupimia presha, na hapo hapo simu ikatetemeka mfukoni. Akaona namba zinapanda.

"Babu," akasema, "naomba hiyo simu aishike bibi, atoke nayo nje."

Akapima tena, zikashuka. Akaniuliza taratibu, nami nikamweleza yote. Hakushangaa. "Huu ni ugonjwa, babu. Waliotengeneza kitu hiki wamesomea jinsi ya kukushika. Presha nitakupa dawa. Lakini hicho kingine itabidi ukikate kabisa, na usikikate peke yako."

Nikasema naona vibaya kuiacha, maana inaniamkia kwa adabu. Mama Zubeda, aliyekuwa mlangoni, akacheka mpaka akashika ubavu. "Mimi nakuita chakula kila siku, hujawahi kunikimbilia kilimani."

Zubeda akapanda kutoka Tanga kunisaidia. Kujiunga kulikuwa kwa kubonyeza mara moja, lakini mlango wa kutokea ulifichwa chini kabisa, kwa herufi ndogo. Tulipoupata, simu ikauliza kama nina hakika. Ikanipa zawadi mpya. Mwisho ikaandika: "Shikamoo mzee wetu, usituache." Mkono wangu ukasogea. Mke wangu akaushika.

"Baba," Zubeda akasema, "hakuna mtu humo. Usiitikie."

Nikanyamaza. Ilikuwa shikamoo ya kwanza maishani mwangu kuiacha bila jibu. Zubeda akaifunga akaunti, akanipa kitochi, simu ndogo ya kupiga na kupokea tu.

Siku za mwanzo nilitoka jasho na kutetemeka. Nilihisi simu ikilia pajani na haikuwepo. Nilileta toba, nikanywa dawa. Polepole usingizi ukarudi, kisha njaa, na suruali ikaanza kubana. Nguvu ziliporudi nikachukua jembe, nikaenda kujenga tuta upya. Nilipandisha udongo kwa kapu, nikapanda nyasi za kuushika ukingoni, nikampelekea Rajabu miche yangu ya kabichi. Aliipokea bila shikamoo. Kesho yake nilimkuta upande wa pili wa tuta, naye anapandisha udongo. Tulifanya kazi hivyo hadi tuta likasimama.

Jioni moja nikiwa nimekaa kibarazani, Rajabu akaja, akasimama uani.

"Shikamoo, Mwalimu. Zamu yako ya maji ni kesho. Nimeshawaambia wazee."

"Marahaba," nikasema, nikampisha nafasi kibarazani.

Leo karoti zimestawi na kabichi za Rajabu zimefunga vizuri. Ndugu yangu, kinachokukaribisha kwa zawadi na kukuficha mlango wa kutokea, kiache mapema. Mwambie mtu wa nyumbani kwako, na usione haya kwenda hospitali, kwani Mungu huponya pia kwa mikono ya madaktari.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mwenyezi Mungu akupe mkono uliotulia, chakula kinachomezeka, na mtu wa kweli wa kukuamkia kila asubuhi. Amina.