Marehemu Aliyekuwemo Kwenye Kikundi

Vénantie alijua kusoma akiwa na miaka arobaini na tisa, mwaka mmoja baada ya macho yake kufa kabisa.

Alipokuwa na macho hakuna aliyempeleka shule. Huko Masisi alikozaliwa, kaka zake walipewa madaftari, yeye akapewa jembe. Kisha akaolewa na Gakwaya, karani wa ofisi, mwanamume aliyefurahia ujinga wa mkewe kuliko uzuri wake. Gakwaya aliwaandikia wanawake wengine barua pale pale mezani, mkewe akimwekea chai kando. Karatasi iko wazi, wino haujakauka, na Vénantie anaisogeza kwa adabu asije akaimwagia maziwa.

Walikaa Mbugangari, ng'ambo ya mpaka wa Goma, na miaka kumi na mmoja alivuka kwenda Goma na beseni la sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kichwani, ili binti yao wa pekee, Cyuzuzo, asome mpaka amalize. Binti akasoma, akamaliza. Macho ya mama nayo yakaanza kufungika, kutoka pembeni kuja katikati. Daktari akamwuliza ni nani mwingine wa damu yake aliyepofuka. Akajibu: mama yangu, na mama yake. Daktari akasema basi binti naye apimwe kila mwaka. Gakwaya alikuwepo, alisikia. Njiani kurudi nyumbani Mbugangari alimshika mkewe mkono kwa nguvu.

"Ile maneno ya dokta usiiseme kwa mutu. Utaharibia mutoto soko."

Soko. Ndilo neno alilotumia.

Tangu hapo nyumba ilimzoea Vénantie kama watu wanavyozoea kabati bovu. Wageni walisalimiana juu ya kichwa chake. Pulchérie, dada wa Gakwaya, mjane, alihamia "kusaidia". Alichukua funguo, kisha jiko, kisha nafasi ya Vénantie kwenye benchi la kanisani. Binti yake Pulchérie, Belise, alichukua vitenge.

Aliyemtoa Vénantie kabatini alikuwa Robinah, mwanamke aliyerudi kutoka Uganda. Robinah mwenyewe aliona kidogo tu, kama mtu anayechungulia kupitia chupa chafu, na kila Alhamisi aliwafundisha vipofu kutumia simu katika chumba kimoja nyuma ya soko. Chama chao kilimpa Vénantie simu iliyotumika. Gakwaya akamwachia laini yake ya zamani, aliyokuwa ameacha kuitumia, akaona ametoa zawadi.

"Mi sijasoma hata a," Vénantie alimwambia Robinah siku ya kwanza. "Simu ya kusoma mi nitaifanyia nini?"

"Nyabo," Robinah akasema, kama Waganda wanavyomwita mama kwa heshima, "simu haitakuuliza cheti. Vaa hizi za masikio. Leo tunachunga mbuzi."

Ulikuwa mchezo usio na picha, wa sauti tupu. Mbuzi akilia sikio la kulia, unatelezesha kidole kulia. Akilia kushoto, unatelezesha kushoto. Akilia katikati, unagonga kioo mara mbili, anaingia zizini. Ukikosea, fisi anamla, na fisi yule alitafuna ndani ya masikio yako bila haraka. Wiki ya kwanza Vénantie alilisha fisi kundi zima. Wiki ya nne hakupoteza hata mmoja.

"Sasa umehitimu," Robinah akasema. "Simu nzima ni hivyo hivyo. Telezesha, itakutajia kilichopo. Gonga mara mbili, itakifungua."

Ikawa kweli. Simu ilisema kwa Kiswahili: ujumbe, saa, redio, nani amepiga. Ziko programu nyingine zilizotengenezwa na watu ambao hawajawahi kufikiri kwamba kipofu ana simu. Humo sauti ilisema tu "kitufe, kitufe, kitufe kisicho na jina", na Robinah aliwatukana watengenezaji kwa Kiganda mpaka darasa lote likacheka bila kuelewa. Lakini nyingi zilikubali. Na kila mwezi Vénantie aliongeza mwendo wa sauti, kama wafanyavyo vipofu wote waliozoea, mpaka ikawa inatatarika kama bisi kwenye sufuria. Yeye alishika kila neno. Mtu mwingine akisikia, hapati kitu.

Cyuzuzo akaposwa. Mchumba alikuwa Rwema, kijana wa biashara, wa familia iliyorudi kutoka Tanzania, watu wenye malori matatu na Kiswahili cha kunyooka. Belise akafungua kikundi cha WhatsApp cha kuandaa sherehe ya kuposa. Akakusanya namba za ukoo wote, watu arobaini na watatu, ikiwemo ile ya zamani ya Gakwaya. Hakuna aliyejisumbua kuangalia laini ile inakaa mfukoni mwa nani. Na hata angeangalia, angejali nini? Kipofu asiyejua kusoma.

Ukoo wa Gakwaya ulikulia Goma, na kwenye simu wanaandika Kiswahili cha Goma. Vénantie hakuhitaji mkalimani.

Alasiri moja alikaa sebuleni akichambua maharage kwa vidole. Pulchérie alikaa mkabala naye, kucha zake zikigongagonga kioo cha simu. Kucha zikanyamaza. Simu ya Vénantie ikatatarika magotini mwake.

Pulchérie: Na kipofu siku ile tutamuficha wapi? Asikuje kututembezea fimbo mbele ya wageni.

Ndahiro, mdogo wake Gakwaya, mwenye gari: Mi nitamupeleka Nyamyumba ku maji ya moto. Tumwambie inaponyesha macho.

Belise: Ataamini. Ule anaaminiaka kila kitu.

Cyuzuzo: Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye machozi ya furaha. Uso wenye machozi ya furaha.

"Ayi, mama Cyuzuzo!" Pulchérie alisema. "Iyi simu yako imekunywa nini? Inasema kama kasuku iko na malaria."

"Imezeeka," Vénantie akajibu. "Kama mi."

"Uitupe basi, inatuumiza kichwa."

"Nitaitupa." Akaendelea kuchambua. Kila punje ilikuwa na mdudu au haikuwa na mdudu, na vidole vyake vilijua.

Alhamisi akamwuliza Robinah huo uso wa machozi ya furaha ni kitu gani. Alikuwa amejipa moyo kwa siku mbili. Labda mtoto alilia.

"Hicho ni kicheko, nyabo," Robinah akasema. "Kile cha kushika tumbo. Nani amekutumia?"

Vénantie aliutafuta mkono wake. Alimpa simu. "Iko na kitu kingine waliweka jana. Inasema tu 'picha', inanyamaza."

Robinah aliisogeza simu mpaka ikamgusa pua, kisha akaacha. Alikuwa na programu ya kusoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Akaipitisha huko, akaweka sauti ya polepole ya wanafunzi wapya. Ilikuwa kadi ya mwaliko, iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa ajili ya ndugu wa Goma. Simu ikasoma kwa sauti ile ile inayosomea hali ya hewa:

"Bwana Gakwaya, pamoja na marehemu mkewe Vénantie, anayo furaha kuwaalika katika sherehe ya kuposwa kwa binti yao Cyuzuzo, Jumamosi tarehe kumi na nne."

Robinah alizima. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa mdomo, akasema, "Pole na msiba."

Vénantie akacheka. Alicheka vibaya, mpaka vipofu wengine wakageuza vichwa. Tarehe kumi na nne ilikuwa Jumamosi ile inayokuja. Yeye alikuwa ameambiwa ishirini na nane.

Bado alitaka kitu kimoja. Kama binti angesema kweli, hata nusu, hata kwa kulia, Vénantie angekwenda Nyamyumba kwa miguu yake mwenyewe na kukaa ndani ya maji mpaka wageni waondoke. Huo ni upumbavu wa akina mama na hauna dawa. Ijumaa asubuhi Cyuzuzo alikuja kumsuka nywele, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka miwili.

"Mutoto wangu, sherehe ni lini?"

Vidole vikasimama kichwani. Vikaendelea. "Si tulikuambia, mama? Makumi mbili na nane. Kesho baba mudogo Ndahiro anakupeleka ku maji ya moto, macho yako itafunguka kidogo, basi siku ile utaniona."

"Nitakuona?"

"Utaniona, mama." Na akambusu utosini.

Hapo ndipo alipokufa, kama mnataka kujua marehemu alikufa lini.

Jumamosi Ndahiro alimshusha Nyamyumba saa tatu. Alimwacha mikononi mwa mwanamke mmoja wa pale anayewaogesha wagonjwa, akamwambia asimtoe kabla ya jioni. Vénantie aliingia majini na kitenge chake. Maji yalichoma vizuri. Watoto waliokuwa wakicheza ukingoni waliuliza kwa sauti kama bibi yule anachemshwa. Aliposikia gari limepanda kilima na kupotea, alifungua mfuko wa nailoni uliokuwa na simu, akampigia Robinah, na Robinah akaja na pikipiki mbili za kukodi. Mwanamke wa kuogesha alijaribu kumzuia. "Nimeambiwa uko mugonjwa." "Walikuambia vibaya," Vénantie akasema. "Nimekufa."

Alifika Mbugangari akiwa amelowa, kitenge kimemganda mapajani, ndala miguuni. Langoni kijana mwenye tai akamwekea mkono kifuani.

"Mama, chakula ya masikini iko nyuma. Mungoje wageni wamalize."

"Huyu ni mgeni," Robinah akamwambia. "Ametoka mbali kuliko wote." Akampita.

Walikaa safu ya mwisho chini ya turubai. Mbele, kwenye kiti cha mama wa bibi harusi, alikaa Pulchérie. Robinah, aliyeona tu rangi, alimnong'oneza kuwa kitini kuna kitu kikubwa cha dhahabu. Wasemaji wa pande mbili walikuwa wakitaniana, watu wanacheka. Kisha msemaji wa upande wa Gakwaya akashusha sauti. Akasema furaha ya leo ina pengo. Akaomba watu wasimame dakika moja wamkumbuke mama aliyemzaa binti huyu.

Viti vikasogea. Watu mia mbili wakasimama. Vénantie naye akasimama, akainamisha kichwa, kwa kuwa ndivyo inavyofanywa. Aliwasikia wote wakipumua. Alimsikia Gakwaya akikohoa kile kikohozi chake cha uchungu wa kuigiza. Akangoja mpaka alipokadiria nusu dakika.

"Ahsanteni," akasema kwa sauti kubwa. "Mukae. Marehemu amefika, na miguu inamuuma."

Mtu alipiga yowe. Pulchérie akapaza sauti kwamba yule ni mwenda wazimu wa sokoni, atolewe. Vijana wawili wakaja. Robinah akawaambia atakayemgusa atajua Waganda wanang'ata wapi.

Aliyewazuia ni Kabera, mzee wa upande wa bwana harusi, baba mkubwa wa Rwema. Alikuja mpaka kwa Vénantie, akamshika mkono kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada, hata kama umri wetu ni mmoja. Wewe ni nani?"

"Mi ni Vénantie. Mama wa ule mutoto. Muulize."

Kabera akageuka. Hema lote likageuka. Cyuzuzo akainamisha kichwa, na hilo lilitosha.

"Mama yule ainuke," Kabera akasema, na kitu kikubwa cha dhahabu kikainuka. Wakamwongoza Vénantie mbele, akakaa. Maji yalichuruzika kwenye kitambaa cha kiti. Basi alikuwa amekipata. Angeweza kunyamaza hapo.

"Sasa, dada," Kabera akasema mbele ya wote, na hakusema kwa ukali. "Sisi hatukimbii kipofu. Tunakimbia kufichwa. Nakuuliza mara moja, na jibu lako nitalichukua kama lilivyo. Haya macho ni ajali, ama ni ya ukoo?"

Kumbe Gakwaya alijua anachokiogopa. Vénantie alimsikia mumewe akiinama nyuma yake, pumzi ya vitunguu sikioni. "Sema ni moto wa makaa. Sema gari. Mama Cyuzuzo, nakuomba, nakupigia magoti." Na ni kweli, magoti yaligonga chini. Miaka ishirini na sita hakuwahi kumsikia akiomba.

Kisha mkono mwingine, laini, wenye manukato, ukamshika kifundo. "Mama," Cyuzuzo alisema. Mama tu.

Neno "ajali" lilikuwa mdomoni mwake. Alilionja. Silabi tatu, na mtoto anaolewa, na anazaa, na siku moja anaanza kugonga milango kwa bega kama yeye alivyogonga, ndani ya nyumba ya watu waliodanganywa, watakaomzunguka kama kabati. Hayo aliyafikiria. Lakini nisimpake mafuta. Si hayo yaliyomfanya aseme. Alifikiria nyuso tatu, zimeshika tumbo, mfululizo.

"Mama yangu alipofuka akiwa na miaka makumi ine," akasema. "Mama yake pia. Dokta alisema mutoto apimwe kila mwaka. Baba yake alikatala."

Mkono wenye manukato ukaanguka.

"Tunashukuru kwa ukweli," Kabera akasema. Rwema alimwuliza Cyuzuzo, "Ulijua?" Kisha ukaja mlio wa watu wengi wanaoinuka pamoja bila kugombana. Walichukua hata kreti zao za bia na fanta. Chupa ziligongana mpaka langoni. Lori likawaka. Wageni wa upande wa Gakwaya nao walianza kutoka mmoja mmoja, wakipita mbali na kile kiti.

"Robinah," Vénantie akaita. "Iko chakula?"

"Sufuria nane, nyabo. Hazijaguswa."

"Niletee."

Akaletewa wali, nyama na ndizi, sahani imejaa. Hakuwa amekula tangu jana. Cyuzuzo alikuwa ameketi chini hatua mbili kutoka hapo, akilia kwa sauti ya kukwaruza, akiuliza mama amefurahi sasa, mama amefurahi. Vénantie alimsikia vizuri sana. Alitafuna bila haraka, akamaliza, akafuta vidole kwenye kitenge kilicholowa, akainua sahani juu ili mtu amwongeze.