Kanda Niliyoifanya ya Matangazo

Iko siku moja, mwanangu, nikiikumbuka bado najikasirikia, na umri wangu huu.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa na maduka yameanza kujaa tena, nami nikapata kazi ya kutangaza mitumba kwa spika juu ya pikapu hapa Dodoma. Mtangazaji huhitaji muziki wa kupita chini ya sauti yake. Tajiri wangu alikuwa na kanda ya bendi moja ya Dar es Salaam, ya mwanzoni mwa miaka ya themanini: jazi iliyochanganywa na roki, magitaa, kinanda na saksafoni, mwanzo hadi mwisho haimbi mtu. Haikupata wanunuzi. Watu walisema muziki usio na maneno ni wa kusubiria taarifa ya habari redioni, nami nikaamini. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Kanda ile ilianza kwa upole, kinanda peke yake, dakika mbili hivi. Kisha magitaa yaliingia kwa nguvu yakanifunika sauti. Debe tupu halipendi kufunikwa. Kwa redio ya kanda mbili nikauchukua ule mwanzo mpole, nikaunakili pembeni, kisha nikaurekodi tena na tena juu ya kanda ile ile, pande zote mbili, mengine yote yakafutika. Nikajiona fundi.

Wiki haikupita, tukasimama Makole. Akatoka Mzee Jumanne, mshona nguo, mzaliwa wa Kolo kule Kondoa, futi ya kupimia shingoni.

"Shikamoo mzee. Leo kuna mashati ya..."

"Marahaba. Nyamaza kidogo, kijana. Hiyo ni bendi yangu. Gitaa la humo nilipiga mimi."

Mama muuza vitumbua akacheka. "Mzee, hiyo si ile ya kabla ya habari?"

"Ndiyo hiyo. Redioni kila wakikaribia sehemu yangu, saa ya habari inafika. Mke wangu hajanisikia hata siku moja."

Yeye mwenyewe hakuwa na nakala. Santuri yake ilivunjika alipohama. Akamwita mkewe, akamwekea stuli kando ya pikapu.

"Ngoja," akamwambia, kidole juu. "Sasa naingia."

Kinanda kikaanza upya.

"Labda baada ya hapa."

Kikaanza tena. Mkewe akawa anakitazama kile kidole. Nikageuza upande wa pili, nikijua kabisa kilichomo, kwa kukosa ujasiri wa kusema. Kilipoanza mara ya nne, nikakiri.

Hakupaza sauti. "Uliisikiliza yote kabla ya kuifuta?"

"Hapana, mzee."

"Basi hata kumsimulia mke wangu huwezi."

Akamshika mkewe mkono, wakaingia ndani. Nimeulizia nakala nyingine Dodoma yote, hadi Kondoa na Chemba. Wananijibu kwa kicheko: nani alitunza muziki usioimbwa? Kicheko hicho kinanichoma, mwanangu, maana hata mimi niliudharau kama wao.

Leo unachukua kazi za watu katika simu yako, unakata vipande, unaweka sauti yako juu. Sikukatazi kutengeneza. Ila sikiliza kwanza hadi mwisho, uulize nani aliyepiga, na nakala ya asili usiiguse. Usichokielewa usikiite tupu. Na ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajaita mkewe.

Mungu akupe masikio yenye subira, na kazi ya mikono yako impate wa kuisikiliza yote.