Mkono wa Muuza Maziwa

Percy Pratley alisambaza maziwa kijijini mpaka alipostaafu, na katika kazi ile hakuwahi kutupa kitu. Kazi yenyewe ilikuwa kuweka. Unaweka chupa mlangoni kwa watu alfajiri, taratibu, usimwamshe mtoto wala mbwa, unaondoka. Mkewe Maureen husema hata ugomvi wa nyumbani Percy huuweka chini polepole, kisha akatoka nje kwa kunyata.

Basi mtu huyo, mkono wake umefundishwa upole maisha yote, kitu alichokitamani kuliko vyote kilikuwa kutupa magongo.

Nyuma ya baa ya Mtamba Mwekundu, ukishavuka maua ya mwenye baa, kuna chuma kimesimama wima, na juu yake hukaa mwanasesere. Usimfikirie mwenye macho na nywele. Ni kipande kifupi cha mti, kinene, kimepakwa rangi nyeupe. Mchezaji husimama kwa mbali, akiwa na magongo yake sita, akamrushia moja moja, mkono ukitokea chini. Gongo likimpiga mwanasesere mwenyewe akaanguka, umepata. Likigusa chuma kwanza, hata kama mwanasesere ataruka mpaka kwa jirani, hukupata kitu, na msimamizi hutangaza, "Chuma." Ukimaliza yote sita mikono mitupu, wanasema umetaga yai.

Msimamizi huyo, anayesimama kando ya chuma na kumrudisha mwanasesere kila akiangushwa, kwa miaka mingi alikuwa Percy. Alimweka pale juu kama chupa ya maziwa, na hakuna aliyewahi kubishana naye kuhusu chuma. Lakini macho yake yalikuwa upande wa pili, kwa watupaji.

Mwaka huu goti la Ron Busby liligoma, nafasi ya mtupaji ikawa wazi, na Percy akaiomba kwa kapteni wa timu ya baa, Glenys Shurmer, mama mmoja fundi wa matrekta. Glenys akampa kwa huruma. Kufika katikati ya kiangazi, huruma ilikuwa imeisha.

"Mzee Percy," alimwambia Alhamisi moja ya mechi, wageni wa kijiji cha jirani wakishusha magongo yao garini, "nakupenda sana. Lakini leo ukitaga tena, Alhamisi ijayo anatupa mkwe wangu."

"Mkwe wako anajua kutupa?"

"Hajawahi kushika gongo."

"Basi ananizidi. Mimi nimeshika, na watu wameona."

Alitania, lakini nafasi ile alikuwa ameingoja tangu ana nywele. Wiki nzima kabla ya siku hiyo alikuwa amefanya mazoezi nyuma ya nyumba, akilenga kopo lililowekwa juu ya nguzo. Kopo halikupata hata mkwaruzo. Nyanya za Maureen zilipata.

"Mume wangu," Maureen alimwambia akiokota vipande vya vioo vya kibanda cha nyanya, "ukianza tena niite. Nitakuja nisimame karibu na kopo. Ndiko kwenye usalama."

Mechi ilianza jua bado liko juu. Katika raundi mbili za kwanza Percy alimwangusha mwanasesere mara moja kila raundi, jambo lililomshangaza yeye kuliko mtu mwingine yeyote. Raundi ya tatu ikaja, ya mwisho, na yeye ndiye wa mwisho kutupa. Wageni walikuwa mbele kwa alama moja. Akimpata hata mara moja, mechi ni sare, na nafasi yake imepona.

Gongo la kwanza lilipita juu. Mengine mawili yakapita pembeni kwa adabu, kama yanaomba njia. La nne lilichoka katikati ya safari.

"Percy, leo unatupa au unataga?" mgeni mmoja aliuliza.

"Mwacheni," mwenzake akasema, "anatafuta kiota."

"Subirini," Percy akajibu. "Bado linatoka."

La tano likapiga turubai nyuma ya chuma. Likabaki moja. Percy alilipima mkononi, akavuta pumzi, akaliachia. Mwanasesere akaruka, akaanguka majanini. Watu wa Mtamba Mwekundu wakapaza sauti, Glenys akainua glasi. Msimamizi wa jioni hiyo, Trevor, mgeni muuza chakula cha mifugo, alikuwa ameshafungua mdomo kusema Percy amepata.

"Chuma," ikasema sauti.

Wote wakamtazama Trevor. Trevor akafumba mdomo. Percy naye akageuka kumtafuta aliyesema.

"Nani huyo?" Glenys akauliza.

"Nadhani ni mimi," alisema Percy.

"Unadhani?"

"Mdomo umetangulia. Mwenyewe nilikuwa bado nashangilia."

"Mimi nilikuwa nasema amepata," alisema Trevor.

"Umesikia? Leo wewe si msimamizi, Percy. Sema ulikuwa unakohoa," alisema Glenys.

Percy alilipenda sana wazo la kukohoa. Hata alijaribu kidogo, kikohozi chembamba kisichomdanganya mtu. Lakini mlio ule mdogo wa chuma, kabla ya kishindo cha mti, ulikuwa bado uko sikioni, na sikio lilikuwa na uzoefu zaidi kuliko mkono.

"Limegusa chuma kwanza, Glenys. Nimelisikia."

"Kama Percy amesikia chuma," alisema Trevor, "ni chuma."

Wakaingia ndani kula soseji na vitunguu vya siki. Kwenye soseji ya pili Glenys akamgeukia.

"Mkwe wangu anaanza Alhamisi."

"Najua."

"Na wewe unarudi kwenye chuma."

"Nimepanda cheo?"

"Umerudishwa ulikotoka. Nipitishie haradali."

Nyumbani Maureen alikuwa akipanga nyanya zilizonusurika dirishani. "Imekuwaje?"

"Nimetaga," alisema Percy akivua viatu. "Halafu nikapiga kelele mwenyewe kuutangazia ulimwengu, kama kuku wote."

Alhamisi iliyofuata gongo la kwanza la mkwe lilimpata Percy kwenye muundi. Akachechemea mpaka kwenye chuma, akamfuta mwanasesere vumbi ingawa hakuwa ameguswa, akamweka sawasawa, taratibu, kisha akarudi nyuma. Safari hii alirudi nyuma zaidi kidogo.