Mbodze na Maboksi Yasiyomsikia

Jua la Garsen limeshachomoza, na Mbodze Nyale yuko juu ya ngazi nyuma ya saiba, duka la intaneti la Abdia Kassim, laptopu ikining'inia kifuani. Anaandika amri kwenye boksi la mtandao, anasubiri, anatabasamu. Kisha tabasamu linamtoka. Boksi limefuta alichoandika.

"Haki ya Mungu, hili sasa limenishinda," anasema.

Chini, wateja wa Abdia wanasubiri kujaziwa fomu za serikali. "Kwani limerogwa, dadangu?" Abdia anauliza. Mbodze hacheki.

Ni fundi wa kampuni ndogo ya intaneti yenye maboksi kumi na tisa kati ya hapa na Ngao, na kwa miaka minane ameyajua kama watoto wa kuzaa. Hili hushikwa na joto, lile huingiwa na siafu. Mto Tana ukitaka kufurika, huyazungukia moja moja, kwa pikipiki na pengine kwa mtumbwi, akiyaelekeza kutumia mnara badala ya waya uliopita kando ya mto. Ndivyo alivyofundishwa, kuwahi kabla ya maji.

Juzi ikasikika kwamba maji yanashuka kutoka juu. Mbodze akatoka mbio, akaanza na la Abdia. Likajirudisha lenyewe kwenye waya. Akadhani limeharibika, akaling'oa, akafunga jipya. Nalo likafanya vile vile. Saiba ikashinda bila mtandao kutwa nzima.

Simu inaita. Ni msimamizi wake, Oliver Gona, kutoka Malindi.

"Mbodze, acha boksi. Halijaharibika."

Kumbe mwezi uliopita kampuni ilihamia mfumo mpya. Mbodze alisikia tu. Siku ya mafunzo alikuwa Ngao, juu ya mnara. Zamani kila boksi lilikuwa na akili yake. Fundi aliliambia njia, nalo likashika neno. Sasa akili imetolewa kwenye maboksi yote, imewekwa kwenye programu moja iliyoko Malindi. Hiyo ndiyo huona mtandao mzima na kuamua data ipite wapi. Maboksi hutii tu. Ukiandika kitu kwa mkono kwenye boksi, programu hukifuta. Nayo iliona waya ni mzima, ndiyo maana ikalirudisha boksi huko.

"Boksi nimelishika, bosi wake yuko Malindi," Mbodze anasema. "Sasa mimi hapa ni nani?"

Hatanii. Majaribio ya mfumo huu yakiisha, kampuni itabakiza fundi mmoja kati ya Garsen na Ngao badala ya wawili.

"Ukitaka njia ibadilike, iambie programu," Oliver anasema.

"Na mto inaujua, bosi?"

"Haiujui. Hakuna aliyeiambia. Njoo uandike wewe, tuone."

Anashuka ngazi polepole na kukaa kwenye kreti ya soda. Akiandika sharti la mafuriko mara moja tu, kwamba mto ukipanda data ipite kwenye mnara, maboksi yote kumi na tisa yatahama yenyewe, bila pikipiki, bila mtumbwi. Analitamka wazo hilo kwa sauti, kana kwamba ni la mtu mwingine.

"Nikishindwa, wananifukuza. Nikiweza, nani atahitaji mtu wa kuyazungukia?" anasema. "Abdia, hebu niambie, niombe lipi?"

Abdia anamuuliza tu kama atakwenda.

"Nakwenda," Mbodze anasema. "Kama kuna mtu wa kuiambia habari za mto, afadhali niwe mimi."

Kesho anapanda basi la kwanza la Malindi.