Sauti Yangu Juu ya Sauti ya Mama

Mnisamehe kwa mwandiko, na pale nitakapokosea herufi. Niliishia darasa la saba Isansa, na ukurasa mmoja unaweza kunichukua siku mbili. Lakini hili lazima niliandike mwenyewe.

Nilikuja Tunduma kufanya kazi kwenye kibanda cha nyimbo. Wakati ule watu walikuwa bado wanaleta memori kadi tuwajazie: madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia, akina mama wa sokoni, vijana wa bodaboda. Mimi nilikaa kwenye kompyuta. Kazi ilinifaa kwa sababu unatazama kioo, hutazami watu. Mteja akinisemesha, nilijibu kwa kichwa.

Bosi alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, memori kadi ya mteja ifutwe yote kabla ya kujazwa, maana virusi vilishatuulia kompyuta moja. Ya pili, kila wimbo unaoingia kwetu ugongwe mhuri. Penye jina la mwimbaji tuliandika jina la kibanda, na sekunde chache baada ya wimbo kuanza tuliweka sauti ya kututangaza. Bila hivyo vibanda vingine vingechukua nyimbo zetu na kuzifanya zao.

"Sauti ya kike ndiyo inauza," bosi alisema. "Utasema wewe."

"Mimi siwezi, bosi."

"Kwani nani anakuona? Shika maiki, funga macho."

Nilifunga macho nikasema, "Umeipata hapa hapa mpakani!" Alinirudisha mara kumi na mbili mpaka nikasikika kama mtu mchangamfu. Tangu siku hiyo sauti yangu ilikuwa kwenye malori, kwenye saluni, kwenye harusi. Dereva mmoja Mzambia aliinama dirishani, akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Mulishani, sista! Ni wewe wa mpakani? Hebu sema kidogo!" Nikajificha nyuma ya kioo cha kompyuta. Wenzake wakamcheka: "Huyu bubu? Siyo yeye, bwana, twende."

Mama yangu alikuwa mwanzishaji wa kwaya kule Isansa. Anaanza peke yake mstari wa kwanza, ndipo wenzake wanaingia. Kwaya yao ilialikwa Mlowo kwenye mkutano wa kwaya nyingi, na mwenzake mmoja akawarekodi kwa simu ya mama, wimbo wa Kinyiha. Mama alipokuja Tunduma kununua vitenge alinipa memori kadi yake.

"Niwekee na nyimbo za wengine humo," alisema. "Nikipalilia kahawa nisikilize."

Nilifanya kama nilivyofanya kila siku. Niliuingiza wimbo wake kwenye kompyuta, nikaugonga mhuri, nikahifadhi juu ya ule ule, nikafuta memori kadi, nikamrudishia ikiwa na nyimbo mia tatu. Nilifurahi kwamba mama naye sasa yumo kwenye nyimbo zetu.

Kesho yake alinipigia simu. "We mtoto, mbona unaniingilia? Mimi naomba Mungu, wewe unatangaza biashara!" Alicheka mpaka akakohoa.

"Nitakutengenezea, mama."

Sikumtengenezea. Nilikuwa sijajua kwamba wimbo usio na mhuri haupo tena mahali popote. Mama alifariki msimu wa baridi uliofuata, kahawa ikiwa bado mitini.

Kibanda nacho kilifungwa. Siku hizi watu wana bando, nyimbo wanazisikiliza mtandaoni. Bosi alikwenda Saza kutafuta dhahabu, akaniachia kompyuta iliyochakaa pamoja na diski yenye nyimbo zote. Sasa nauza makava ya simu, na nimepanga chumba kimoja.

Fundi mmoja wa simu, mteja wangu, ndiye aliyeniambia kompyuta ile inaweza kugeuzwa seva ya nyumbani. Unaiwekea mfumo wake, unaiacha kwenye kona bila kioo wala kibodi, unaipa programu ya muziki, halafu simu yako inavuta nyimbo kutoka kwake kwa waifai ya ruta ndogo, bila bando. Aliniletea mfumo wenyewe kwenye flashi. Amri zilikuwa za Kiingereza, nikazinakili kwenye karatasi herufi moja moja.

"Programu inataka majina ya watumiaji," alisema. "Nyumbani mko wangapi?"

"Mmoja."

"Na shemeji je?"

"Weka mmoja."

Seva ilipomaliza kusoma diski, niliifungua kwenye simu. Nyimbo elfu saba na kitu, mwimbaji mmoja: jina la kibanda. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Dada, una msanii mkubwa kuliko wote nchi hii!" Nami nikacheka. Alipoondoka ndipo nilipoelewa. Hata majina ya nyimbo tuliyageuza namba. Mama alikuwa humo ndani, na sikuwa na neno la kumtafutia.

Nikaanza kusikiliza namba moja baada ya nyingine, jioni nikipika, Jumapili nikifua. Kwenye kila wimbo alitokea yule msichana mchangamfu. Chumbani kwangu hakuna mtu wa kuzungumza naye, lakini yeye alinikaribisha mpakani mara hamsini kwa siku. Jirani alidhani nimepata mgeni, akaniuliza mgeni anaondoka lini. Nikaanza kumchukia yule msichana.

Ilichukua miezi mitano. Siku nilipompata mama nilikuwa nachambua maharage. Kikohozi kidogo, kisha akaanza. Maneno matatu. Halafu mimi: "Umeipata hapa hapa mpakani!" Nilipomaliza, kwaya ilikuwa imeshaingia.

Katika wimbo ule mama anaimba peke yake mahali pamoja tu, na mahali hapo nimesimama mimi.

Nilimwomba fundi aniondoe. Alijaribu siku mbili kwa programu zote alizozijua. "Haiwezekani, dada," alisema, na safari hii hakucheka. "Nikiiondoa yako, na yake inaondoka. Mnafanana mno."

Nilikwenda Isansa. Wanakwaya waliniimbia ule mstari, kila mmoja kwa namna yake, na mmoja akalia. Maneno ninayo sasa. Sauti ndiyo sina. Yule aliyewarekodi aliniambia, "Mwanangu, siku ile Mlowo simu zilikuwa juu uwanja mzima. Si sisi tu tuliorekodi."

Kwa hiyo ninyi mnaosoma, kama mlikuwa Mlowo siku ya zile kwaya, tafuteni kwenye simu za zamani na memori kadi zilizokaa kwenye droo. Ni kwaya ya wanawake wa Isansa, vitenge vya kijani. Mwanzishaji ni mrefu, anakohoa kidogo kabla ya kuanza. Haijalishi kama imerekodiwa kutoka mbali, au kuna mtoto analia, mradi mimi simo. Niandikieni. Na mkitafuta mkakosa, niandikieni pia, nijue simu hiyo tayari imeangaliwa.