Kibuyu Kilichooshwa

Baada ya kumzika Baba huko Tseikuru, Mama alihamia kwetu Kambu akiwa amepakata kibuyu cha samli. Nguo zake zilikuja nyuma, kwenye gunia. Macho yalikuwa yamefifia na hamu ya chakula imekwisha. Kitu kimoja tu kilimfanya ale: isyo, mahindi na maharagwe yetu, ikipondwa na kutiwa kijiko cha samli ile.

Samli hiyo ilikaa miezi bila kuchacha, na joto la Kambu si la mchezo. Zamani Baba akirudi na mifugo alimletea kijiti cha mti fulani. Mama alikichoma, akasugua kibuyu ndani kwa ncha yenye makaa mpaka pakawa peusi, ndipo akamimina samli.

Siku moja akina mama wa kanisa walikuwa waje kumwombea. Kibuyu kilikuwa kimebaki kitupu. Mke wangu, anayempenda Mama kuliko sisi aliotuzaa, akaona aibu wageni wakute uchafu. Akakisugua kwa maji moto, mchanga na sabuni ya unga.

Mama akaingiza kidole ndani, akakinusa.

"Umeosha vizuri, msichana wangu," akasema. "Hata mimi sijawahi osha hivyo."

Mke wangu akafurahi. Mimi nilimwona Mama amekishika kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

Samli iliyofuata ilichacha upesi. Mama akaanza kusukuma sahani, akakonda. Mke wangu alipoelewa alilia jikoni. Binti yetu, anayesomea mambo ya vyakula chuoni, akatueleza kwamba miti mingine ina kemikali zinazozuia mafuta yasiharibike yakikutana na hewa. Haya, asante. Ni mti gani sasa? Mama aliujua kwa harufu tu. Aliyeujua porini alikuwa Baba, na Baba tulikuwa tumeshamfukia.

Nikawa naenda Tseikuru kila nikipata nafasi, nikifuata njia alizochungia. Wachoma makaa walinitangulia, visiki vilikuwa vingi kuliko miti. Ilinichoma moyo. Nilimletea Mama vijiti, akanusa.

"Si hii. Hii pia siyo. Kula kwanza, umechoka."

Safari ya mwisho nilirudi na vumbi mpaka kwenye kope. Alinusa kijiti kimoja kwa muda mrefu, huku mkono wake mwingine ukipapasa wangu, uliochanwa na miiba.

"Ni hii," akasema. "Sasa kaa kwako, wachana na msitu."

Tulishangilia kama wehu. Mke wangu akachoma, akasugua, akamimina. Tangu siku hiyo Mama alimaliza sahani, akisema samli imerudi kuwa ile ya Baba. Hatukuigusa sisi, ilikuwa yake.

Alipofariki, kibuyu kilikuwa na samli kidogo. Nilichovya kidole, nikaonja. Ilikuwa imechacha mpaka inakereketa koo.